Nimenunua Rimoti ya Laki Tatu na Nusu

Jamani, hebu sogea kidogo nikae kwenye hilo benchi. Sinunui kitu. Hela ya kununua kitu sina, na hiyo ndiyo habari yenyewe niliyokuja kukupa.

Nimenunua kinanda. Cha laki tatu na nusu. Kipya kabisa, ndani ya boksi lake, na nailoni yake, na kile kipakiti cha chumvi kilichoandikwa usile. Kina vibonyezo 49, vyeupe na vyeusi. Kina nobu nane za kuzungusha. Kina slaida nne. Kina vipedi nane vya mpira vinavyowaka taa za rangi kama duka la simu usiku wa sikukuu. Kitu kimoja tu hakina. Hakina sauti.

Sisemi sauti mbaya. Sisemi sauti ndogo. Hakina. Ukibonyeza unasikia "tk, tk" ya plastiki, basi. Kibao cha mama watoto cha kukatia vitunguu kinalia kuliko hicho, na kile alikinunua elfu tatu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikikueleza kutokea katikati utaniona mjinga. Nikianza mwanzo utaniona mjinga vilevile, lakini kwa mpangilio.

Mimi ni mwanakwaya. Naimba besi. Naimba besi kwa sababu mwalimu wa kwaya aliniambia nikiimba taratibu, kule nyuma karibu na feni, hakuna atakayeumia. Sasa kinanda cha kwaya kikafa. Kilianza kufa kibonyezo kimoja kimoja, mpaka tukawa na wimbo ambao hauna "fa" kabisa, tukifika hapo tunaruka kama mtu anayevuka dimbwi. Kikaitwa kikao. Watu wakakaa kimya wakiangalia viatu. Ndipo mdomo wangu, ambao huwa hauniulizi, ukasema: "Niachieni mimi. Jumapili ya mavuno tutakuwa na kinanda."

Wakapiga makofi. Nilipenda yale makofi. Yale makofi ndiyo yamenifikisha hapa.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akaniona tu, akajua. Wale vijana wana macho ya daktari. Akaniwekea kinanda juu ya kaunta, akabonyeza kidole kimoja. Jamani! Zikatoka violini, tarumbeta, na kwaya ya Wazungu wanasema "aaaa" kama milango ya mbinguni inafunguliwa. Kidole kimoja! Nikajisemea, kama huyu kwa kidole kimoja ameita Wazungu wote hao, mimi mwenye vidole kumi nitaita bara zima.

Nikauliza swali moja la kitaalamu, nisionekane mshamba: "Kinatumia betri?" Akasema hapana mzee, kinatumia waya. Nikaona nimembana. Nikalipa.

Nisichokiona ni laptopu. Ilikuwepo. Ilikuwa chini ya kaunta, imefunikwa na kalenda. Hata kwenye boksi picha ya laptopu ipo, imewekwa kule nyuma, imefifia. Mbele kuna kijana Mzungu amefumba macho, anatabasamu, hedifoni shingoni. Nilidhani ile laptopu ni ya ofisini kwake.

Nikafika nyumbani na boksi begani. Nikaita wote. Mama watoto akaacha mboga jikoni. Watoto wakatandika mkeka. Mwenye nyumba naye akashuka, maana alisikia neno "kinanda" akahofia luku yake. Nikachomeka waya kwenye kichwa cha chaja ya simu. Taa zikawaka! Nyekundu, kijani, zambarau. Watoto wakapiga makofi kwa ajili ya taa. Nikakunja mikono ya shati. Nikanyoosha vidole kama nilivyoona kwenye televisheni. Nikabonyeza.

Tk.

Nikabonyeza kwa nguvu. Tk! Nikabonyeza vitatu kwa pamoja. Tk-tk-tk. Nikazungusha nobu zote nane. Kimya. Mama watoto, ambaye kwa kawaida hana huruma, akaniangalia kwa huruma, akasema: "Labda bado hakijapata moto." Tukasubiri kipate moto. Dakika ishirini, familia nzima, juu ya mkeka, tunaangalia kinanda kama watu wanaosubiri maharage yaive. Mboga ikaungua.

Mwenye nyumba akasimama, akajipangusa suruali, akasema: "Kinanda kizuri. Hakisumbui majirani." Akapanda zake ngazi.

Kesho yake nikarudi dukani na boksi begani. Nikaingia kwa hasira, nikasema kwa sauti ili wateja wote wasikie, kosa kubwa hilo, kwamba nimeuziwa kinanda kibovu. Kijana hata hakushtuka. "Mzee, hiki siyo kibovu. Hii ni kontrola. Ni MIDI. Yenyewe haina sauti. Sauti iko kwenye kompyuta." Pembeni kulikuwa na binti wa kama miaka kumi na sita, kaja kununua nyuzi za gitaa. Akaangalia boksi langu, akasema: "Ah, ni MIDI tu." Alisema "tu". Laki tatu na nusu, halafu "tu".

Nikasema basi nirudishieni hela. Kijana hakujibu. Alinyoosha kidole ukutani. Pale ukutani pameandikwa kwa wino mwekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikaubeba mzigo wangu nikarudi stendi. Kwenye daladala kondakta akanitoza nauli ya boksi.

Ikabidi nimwite mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, anatengeneza singeli. Ana studio. Studio yenyewe ni chumba chenye godoro ukutani badala ya kitandani. Anatumia FL Studio, ile programu ya Wabelgiji iliyokuwa ikiitwa FruityLoops zamani, na ngoma zake zinakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ukizisikiliza na chai inamwagika. Akaja, akakiangalia kinanda, akaniangalia mimi, akakaa chini.

"Mjomba," akasema polepole kama daktari mwenye majibu mabaya, "umenunua rimoti."

"Rimoti?"

"Rimoti. Rimoti ya televisheni ina picha ndani? Ina mpira ndani? Haina. Inaiambia televisheni fanya hivi, fanya vile. Sasa hii ni rimoti ya kompyuta, ila imechongwa kama kinanda."

Akanieleza. Ukibonyeza Do ya katikati, hakuna muziki unaopita kwenye ule waya. Hata chembe. Unapita ujumbe wa namba tatu. Ya kwanza inasema: anza kupiga, kwenye chaneli fulani. Ya pili inasema: noti namba 60, maana Do ya katikati jina lake ni 60. Ya tatu inasema umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 127. Ukiinua kidole unakwenda ujumbe mwingine: acha. Basi. Kinanda changu ni kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kinatoa maagizo. Jasho linawatoka wengine.

Nikauliza kwa nini 127, kwa nini isiwe 100 kama mtihani. Akasema ni mambo ya biti saba, zinatoa hatua 128 ukihesabu na sifuri. Nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia benki wakinieleza riba.

Sawa. Rimoti nimekubali. Tukaazima laptopu ya ofisini kwa mama watoto, kwa masharti ambayo sitayataja hapa kwa sababu yanahusu kuosha vyombo. Sasa inatakiwa programu. Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha lugha kumi na moja, Kiswahili hakimo. Kinasema hongera, umepata programu ya bure!

Ndugu yangu, ukisikia bure, shika mfuko.

Kwanza ufungue akaunti kwa waliotengeneza kinanda. Wanataka barua pepe. Wanataka nywila. Nikaandika nywila, ikaniambia: dhaifu. Nikaongeza herufi kubwa. Dhaifu. Nikaongeza namba. Dhaifu. Yaani kifaa kisicho na sauti kinaniambia mimi dhaifu. Halafu wanataka namba ya usajili. Namba iko wapi? Chini ya tumbo la kinanda, kwa maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa. Nikalala chali chini ya meza na tochi ya simu mdomoni. Ile ni sifuri au ni herufi O? Nikajaribu sifuri. Ikakataa. Nikajaribu O. Ikakataa. Ilikuwa herufi D.

Ukishasajili unapewa msimbo. Ule msimbo unaupeleka kwa kampuni nyingine, ndiyo yenye programu. Nao wanataka akaunti. Nao wanataka nywila. Ukimaliza huko, hupewi programu. Unapewa programu ya kushushia programu. Hiyo ndiyo inashusha programu yenyewe, nayo ikifunguka inakwambia sasa tushushe sauti. Umeshawahi kutafuta chumba cha kupanga Dar ukapelekwa kwa dalali wa dalali, kila mmoja anataka ya soda? Basi.

Sauti peke yake zilikuwa gigabaiti tisa. Bando langu mimi ni GB moja ya siku tatu, na hiyo najibana, video za watu kwenye magrupu sifungui. Nikanunua bando la usiku. Nikakaa macho kama mlinzi. Saa tisa usiku ikafika asilimia 94. Luku ikaanza kulia pii, pii, pii. Nikaiangalia luku. Luku ikaniangalia. Giza. Betri ya laptopu ilikuwa nzima, lakini kile kisanduku cha intaneti cha jirani nilichoazima kinatumia umeme. Asubuhi nikashusha upya, ikaanza asilimia sifuri. Bila aibu.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponiudhi kabisa, kwa kunipa historia. Anasema zamani kila kampuni ya vinanda vya umeme ilikuwa na lugha yake. Kinanda cha huyu hakielewani na cha yule. Akatokea Mmarekani mmoja, Dave Smith, na Mjapani mmoja, Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland, mzee aliyeanzia maisha kwenye ufundi saa. Hao na wenzao wakakubaliana lugha moja, ndiyo hiyo MIDI. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, wakachukua kinanda cha Marekani kiitwacho Prophet-600 na cha Japani kiitwacho Jupiter-6, wakaviunganisha kwa waya. Ukibonyeza hiki, na kile kinalia. Makampuni pinzani! Na lugha yenyewe wakaiachia bure, anayetaka atumie. Mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Nikamwuliza swali moja tu. "Siku ile ya 1983, waliombwa barua pepe?"

Akanyamaza.

"Waliambiwa nywila yao dhaifu?"

Akasema mjomba, walichomeka tu. Unaona! Wazee walichomeka waya ikalia, wakaenda kula. Sisi miaka arobaini mbele tuko chini ya meza na tochi mdomoni. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, mwaka 1928 alipanda meli mpaka Bombay kwenda kurekodi santuri, na nina hakika njiani hakuna aliyemwambia safari imerudi asilimia sifuri.

Siku ya nne, programu ikafunguka. Toleo la bure, kumbe, lina treki nane tu. Kwaya yetu sauti nne, na ngoma, na gitaa, na besi, na kinanda. Nane hizo. Kayamba ikabaki nje, na mpiga kayamba ni shemeji wa mwenyekiti wa kwaya. Hiyo kesi bado inaendelea.

Nikabonyeza Do. Nikasubiri. Do ikaja.

Sitanii. Unabonyeza, unashusha pumzi, ndiyo inafika. Nikipiga wimbo wa haraka, vidole vimemaliza ubeti, kinanda bado kiko kwenye mstari wa pili. Nikasema nimepigwa tena. Mpwa akaniambia hapana, ni bafa. Akanieleza kwa daladala, na hapo, kwa mara ya kwanza, nilielewa.

Kompyuta haipeleki sauti tone moja moja. Inajaza abiria kwanza, ndiyo gari linaondoka, na hilo gari ndiyo bafa. Kila sekunde wanakuja abiria 44,100. Ukiweka gari la abiria 2,048, linakaa kituoni karibu milisekunde 46 likijaza. Na draiva ya kawaida ya Windows nayo inasimama kila kituo, inaongeza kuchelewa kwake. Dawa ni draiva iitwayo ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, ambayo ina njia yake peke yake kama mwendokasi. Halafu unapunguza abiria. Ukiweka 256 gari linajaa kwa milisekunde kama sita, sikio halina habari.

Mimi nikasema kama 256 ni nzuri basi 32 ni nzuri zaidi. Mpwa akasema mjomba usi... nikawa nimeshaweka. Kompyuta ikaanza kukwaruza kama redio inayomezwa na chura. Feni ikapiga kelele. Maana ukitumia bajaji kubeba abiria wa stendi nzima, dereva atapiga tripu mpaka azimie. Tukarudisha 256. Nikaambiwa nisiguse tena.

Lakini nobu je? Boksi limeandika kwamba nobu zinatambuana zenyewe na programu. Nikazungusha ya kwanza. Hakuna kitu. Ya pili. Hakuna. Mpaka ya nane. Zinazunguka vizuri tu, laini, kama kifuniko cha chupa tupu. Kumbe kila nobu inatuma namba yake, na programu inatakiwa ijue ile namba ni ya nini. Kuna chache zinazojulikana tangu zamani, mfano namba 7 ni ya kupandisha na kushusha sauti. Nyingine mpaka uifundishe programu: ubofye kitu kwenye kioo, kisha uzungushe nobu, ndiyo wajuane. Nikaifundisha jioni nzima. Kesho yake imesahau. Mimi nimewahi kurudia darasa la sita, siwezi kumcheka mtu, lakini hii imezidi.

Na ile moja iliyokumbuka ndiyo iliyonitia matatani. Kwenye kioo sauti ilikuwa chini kabisa. Nobu yenyewe ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho. Programu haikujua. Nilipoigusa tu, sauti ikaruka kutoka sifuri mpaka juu kabisa kwa mkupuo, saa nne usiku. Mtoto akaamka. Mbwa wa jirani akaamka. Mwenye nyumba akapiga mguu sakafuni mara tatu, na mimi kwa haraka nikaomba radhi kwa dari.

Mpwa anasema mambo yatabadilika. Mwaka 2020 lilitoka toleo la pili la hiyo MIDI, ambalo vifaa vinaweza kuulizana: wewe nani, unaweza nini? Maana hii ya zamani kazi yake ni kutuma tu. Inasema shikamoo haingoji marahaba. Nikamwambia vizuri sana, basi changu kinunuliwe na yule anayengoja marahaba, mimi Jumapili ya mavuno ni keshokutwa.

Ikafika.

Kanisa limejaa. Mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, mbuzi wawili wamefungwa nje, kuku wamelazwa chini miguu imefungwa kamba. Mimi mbele kabisa, suti ya harusi, kinanda changu kinawaka taa, laptopu pembeni, waya wa USB umepita sakafuni. Mwalimu wa kwaya akanyanyua mkono. Nikaweka vidole kwa heshima. Wimbo wa kuingilia, wa polepole, wa kutoa machozi. Nikabonyeza.

Pa! Pi-pa! Kong!

Ngoma. Kila kibonyezo ngoma. Nilipokuwa nakipangusa vumbi asubuhi nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kikahamia chaneli ya 10, na kumbe chaneli ya 10 kwa desturi yao ni ya ngoma. Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Noti namba 60, ile Do yangu ya katikati, kwenye orodha yao ya ngoma ni ngoma ndogo ya mkono, na jina lake inaitwa bongo. Nimehangaika wiki nzima na akaunti za Ulaya na Marekani ili nipige bongo, na Bongo nimezaliwa.

Nikataka kuacha. Akina mama wakapiga vigelegele! Wakainuka! Vitambaa hewani! Ikabidi niendelee kupiga wimbo wa machozi kwa ngoma, jasho likinitiririka, na waumini wakicheza mpaka mlangoni na kurudi.

Tulipokaa nikairudisha chaneli ya 1. Nikachagua sauti ya ogani. Ukafika mnada wa mazao. Mnadi akanyanyua jogoo. Nikaambiwa nipige taratibu, chinichini. Nikashika La. Ndipo mtoto mmoja akamkimbilia kuku aliyefunguka kamba, akakata kona mbele yangu, mguu ukanasa kwenye waya, waya ukachomoka.

Taa za kinanda zikazimika. Nikatoa mkono. La ikaendelea.

Unakumbuka nilichokwambia? Ujumbe wa "anza" ulishafika. Ujumbe wa "acha" ulikuwa bado, na njia imekatika. Kompyuta inasubiri kuambiwa acha, na wa kuiambia amezimika. Ingekuwa sauti ya piano ingefifia yenyewe. Ogani haifi. Ogani ikishaambiwa anza, inaanza mpaka kiama.

"Elfu kumi na tano kwa jogoo huyu!" akasema mnadi.

"Laaaaaaa," kikasema kinanda.

"Elfu ishirini?"

"Laaaaaaa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akafunika uso kwa Biblia, mabega yanatikisika. Nikafunga laptopu kwa nguvu. Kimya. Nikashusha pumzi. Nikaifungua kidogo tu nione. "Laaaaaaa." Nikampigia mpwa simu nikiwa nimeinama nyuma ya ndizi.

"Mjomba, bonyeza Paniki."

"Nimeshapaniki, niambie nibonyeze nini!"

"Hicho hicho. Kwenye menyu. Kimeandikwa Paniki. Kinanyamazisha noti zote."

Nikaangalia. Ndugu yangu, kipo. Kimeandikwa hivyo hivyo. Yaani walijua! Walikaa huko kwao, kwenye viti vya kuzunguka, wakajua kabisa itafika siku mtu mzima mwenye suti ya harusi atajificha nyuma ya mkungu wa ndizi, wakaweka kitufe. Lakini kuandika kwenye boksi "hiki kitu hakina sauti", hilo hawakuwaza.

Baada ya ibada mchungaji akanipa mkono. Akasema ngoma za mwanzo zilikuwa na upako. Ile sehemu ya kinanda, akasema, iangaliwe. Jogoo alikwenda kwa elfu kumi na tano, maana kila aliyetaka kupandisha alikataliwa.

Sasa mimi simlaumu mtu. Kinanda chenyewe si kibaya. Kila nilichokiambia kimefanya, kosa nilikuwa nakiambia nisichokijua. Naomba tu mambo madogo. Laptopu kwenye picha wailete mbele. Sifuri waikate mstari katikati. Na anayenunua, achomeke waya, ilie, akale, kama wale wazee wa 1983. Mengine tutajifunza polepole. Mpwa anasema nimeanza kushika. Mama watoto anasema vyombo viko kwenye beseni.

Na wewe, maana naona hapo unatikisa kichwa kama mtu aliyeagizwa na kwaya yake. Ukifika Kariakoo ukabonyezewa kidole kimoja, ukasikia Wazungu wanasema "aaaa", usitoe hela. Inama kwanza uangalie chini ya kaunta.